Barua ya wazi kutoka Nyakato: masalia hayana wizara

Kwa: Waziri wa Mifugo na Uvuvi, Waziri wa Kilimo, Waziri wa Viwanda na Biashara, Mkuu wa Mkoa wa Mwanza.
Nakala: Tume ya Taifa ya Mipango.

YAH: MKAKATI WA TAIFA WA UCHUMI WA KIBAYOLOJIA UANZIE KWENYE MASALIA YA KANDA YA ZIWA

Waheshimiwa, salaam kutoka Mwanza.

Sangara akiingia kiwandani hapa kwetu, kinachosafiri kwenda nje ni minofu, na minofu haifiki nusu ya uzito aliokuja nao getini. Kinachobaki ni kichwa, panki, ngozi, magamba, matumbo, mafuta ya tumboni na bondo, ule mfuko wa hewa wa samaki. Minofu ina wizara. Ina wakaguzi, ina maabara Nyegezi, ina mrabaha, ina cheti cha afya. Bondo nalo limeshapata wenyewe. Hayo mengine, ukizunguka ofisi za Mwanza kuuliza nani anayashughulikia, utarudi nyumbani soli za viatu zimekwisha. Nawaandikia kwa ajili ya hayo mengine.

Niliwahi kufanya kazi chumba cha minofu kwenye kiwanda kimoja hapa mjini, kisu mkononi na buti nyeupe miguuni. Sasa natengeneza chakula cha samaki na cha kuku kwenye banda la kukodi Nyakato. Malighafi yangu ni vile ambavyo wengine wamemaliza kuvitumia, kwa hiyo najua vinatoka wapi, vinaishia wapi, na ni nani anayeogopa kuulizwa habari zake.

Wataalamu wana jina kubwa kwa kazi hii: uchumi wa kibayolojia. Maana yake ni kupata chakula, nishati, mbolea, dawa na malighafi za viwanda kutokana na mimea, wanyama, samaki na vijidudu, pamoja na masalia yao, ili kupunguza kutegemea petroli na vitu vinavyochimbwa vikaisha. Afrika Kusini ina mkakati wake tangu 2013. Jumuiya ya Afrika Mashariki, kupitia tume yake ya sayansi na teknolojia yenye makao Kigali, EASTECO, ina mkakati wa kanda wa mwaka 2021/22 hadi 2031/32, na Tanzania imo ndani yake. Dira ya 2050 iliyozinduliwa Julai 2025 inataka tufike kwenye uchumi wa dola trilioni moja. Kwa mwendo huo, mkakati wetu wa taifa utakuja tu, na warsha zake zitafanyika kwenye hoteli nzuri za Capri Point, upepo wa ziwa ukiingia dirishani. Sina ugomvi na warsha. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kuandika sura ya kwanza, mtu ashuke mlimani aende kwenye mageti ya viwanda na soko la samaki la Mwaloni Kirumba, aone uchumi huo ukiwa tayari unafanya kazi bila jina, bila takwimu na mara nyingi bila kibali.

Anzeni na mapanki. Mfupa wa sangara uliokwishatolewa minofu, wenye nyama kidogo kwenye mbavu, unanunuliwa na akina mama, unaanikwa, unakaangwa, unauzwa mitaani kwa watu ambao bei ya sangara mzima imewashinda. Wapo waliowahi kuutangazia ulimwengu kwamba hiyo ni aibu ya Mwanza. Mimi naona aibu ni nyingine: kwamba biashara iliyolisha familia nyingi kwa miaka yote hii haijawahi kujengewa hata sakafu ya saruji na bomba la maji safi. Vichwa vina soko lake. Mafuta ya tumboni yanachemshwa na kuuzwa kwenye madumu. Sangara wa chumvi, kayabo, anavuka mpaka kwenda Kongo. Hakuna ofisi iliyobuni hata kimojawapo.

Halafu bondo. Kuna wakati hapa lilikuwa kitu cha tumboni tu, linakwenda na utumbo mwingine. Leo kilo ya mabondo makavu inaizidi kilo ya minofu kwa bei mara nyingi, na safari yake inaishia Hong Kong na China kwenye supu za watu wenye uwezo. Wazungu nao walikuwa na matumizi yao ya mabondo ya samaki tangu zamani, kusafishia bia. Sasa tazameni tulichofanya na bahati hiyo. Tumelikausha, tumelipima, tumelitoza, tumelisafirisha likiwa ghafi. Bei inapangwa na mnunuzi. Daraja la ubora linapangwa na mnunuzi. Mvuvi wa Ukerewe anajua bondo lina thamani lakini hajui kwa nini, na mimi niliyefanya kazi kiwandani sikuwahi kuambiwa. Ndivyo inavyokuwa masalia yanapopata thamani bila nchi kujiandaa: thamani inapanda, ujuzi unabaki ng'ambo.

Ngozi ya samaki iko karibu kufuata njia hiyohiyo. Ísafjörður ni mji wa wavuvi kaskazini-magharibi mwa Aisilandi, na wakazi wake hawafiki 3,000. Kampuni iliyoanzia huko, Kerecis, inachukua ngozi ya samaki wa bahari yao ya baridi, inaiandaa, na kuiuza hospitalini kufunikia vidonda na majeraha ya moto. Mwaka 2023 kampuni ya Denmaki iitwayo Coloplast ilikubali kuinunua kwa hadi dola bilioni 1.3. Brazili nao, watafiti wa Fortaleza wamekuwa wakitumia ngozi ya sato kutibu majeraha ya moto. Ni sato yuleyule, jamii ileile, tunayemfuga kwenye vizimba vya Ilemela na Ukerewe. Sisemi hospitali ya Bugando waanze kesho asubuhi. Kati ya ngozi tunayoitupa na mgonjwa aliyeungua kuna miaka ya utafiti, usafishaji wa viwango vya juu, vibali vya dawa na fedha nyingi. Lakini miaka hiyo huanza kuhesabiwa siku mtu anapoanza, na sisi hatujaanza.

Kuna njia fupi zaidi. Kisumu, ng'ambo ya ziwa hilihili, taasisi ya utafiti wa viwanda ya Kenya, KIRDI, imekuwa ikiwasaidia mafundi kusindika ngozi ya sangara ikawa viatu, mikoba na mikanda. Ngozi ya sangara ni ngumu kuliko watu wanavyodhani, na mistari ya magamba yake inapendeza bila kuchorwa. Mwanza tuna nini? Tuna kampasi ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, ambayo kazi yake mahususi ni teknolojia ya ngozi, na imepewa hadhi ya kituo cha umahiri cha ngozi. Iko mji mmoja na viwanda vya samaki. Guta moja lingetosha kuviunganisha.

Na hapa niingize angalizo, kwa sababu nimekwishaona watu wakichangamkia ngozi bila kuuliza inasindikwa na nini. Usindikaji wa kawaida hutumia kromu, na maji yake yakiachiwa yatakwenda mto Mirongo, na Mirongo inakwenda ziwani, na ziwani ndiko tunakonywa. Njombe kuna kiwanda cha TANWAT kinachotoa dawa ya kusindikia ngozi kutoka magome ya miwati, kazi inayofanyika huko tangu zama za mkoloni. Ngozi ya samaki ni nyepesi na inakubali dawa za mimea. Mwanza na Njombe zikikutana kwenye kiatu kimoja, huo ndio uchumi wa kibayolojia wa taifa ninaoweza kumweleza mama yangu akaelewa.

Sasa niwaeleze kinachotukwamisha. Nilipotaka kurasimisha shughuli yangu, ofisi moja iliniambia ninachobeba ni taka za kiwandani, nitafute kibali cha kusafirisha taka. Nyingine ikasema hapana, hiyo ni malighafi ya chakula cha mifugo na ina usajili wake. Ya tatu ikauliza kwa nini mazao ya uvuvi yanatembea barabarani bila kibali cha mazao ya uvuvi. Wote walikuwa wapole, na kila mmoja alikuwa sahihi kwa sheria iliyo mezani pake. Sheria ya Uvuvi ni ya 2003, ya Mazingira ni ya 2004, ya vyakula vya mifugo ni ya 2010. Panki ni lilelile, ila kila sheria inaliona kwa macho yake. Mwenye mtaji anaajiri mtu wa kufuatilia karatasi. Asiye na mtaji anasafirisha alfajiri kabla askari hawajaingia barabarani, na mzigo ukikamatwa unaoza palepale kituoni huku tukijadiliana ni kosa la sheria ipi.

Msinielewe vibaya, sitaki masalia yaachwe bila ukaguzi. Matumbo ya samaki yaliyolala juani ni sumu, na chakula cha kuku kilichosagwa kutokana na uozo kinarudi mezani kwetu kwa mlango wa mayai. Mahindi na mashudu yenye sumukuvu vivyo hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Ulaya ilipofunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria, serikali na viwanda vilihangaika mpaka ukaguzi wa minofu ukakaa sawa, na mlango ukafunguliwa. Uwezo huo haukuletwa na malaika. Ulijengwa kwa sababu mnunuzi wa minofu alidai. Hakuna aliyewahi kudai kwa niaba ya magamba.

Wizara ya Mifugo na Uvuvi, hili la dagaa ni lenu hasa. Kwa uzito, zaidi ya nusu ya samaki wanaovuliwa ziwani siku hizi ni dagaa. Ndio protini ya mtu wa kipato cha chini kuanzia Musoma hadi Bukoba, na magunia yake yanatoka Mwaloni Kirumba kwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Kiasi kikubwa cha dagaa haohao kinaishia kwenye vyakula vya kuku na samaki, hasa wale wa masika walioanikwa mchangani wakanyeshewa. Januari 2024 Rais alikuja hapa kuzindua mikopo ya boti za kisasa na vizimba. Jambo jema, nami nina wateja waliotokana na mpango ule. Lakini chakula peke yake kinakula zaidi ya nusu ya gharama ya kufuga samaki, na chakula kinahitaji protini. Tukiongeza vizimba bila kusema protini itatoka wapi, jibu la soko litakuwa dagaa. Tutamlisha sato dagaa wengi, tupate sato wachache wa bei ghali, na mtoto wa Sengerema aliyekuwa anakula dagaa abaki anatazama.

Protini mbadala ipo na inatupwa. Matumbo, magamba, damu na vipande vya ngozi vikisagwa na kukaushwa vizuri vinaweza kuingia kwenye chakula cha sato kama chanzo cha protini. Visiwani ambako umeme ni wa kubahatisha kuna njia ya silaji: unasaga masalia ya samaki, unachanganya na molasi na vijidudu vya kuchachusha, unafunika kwenye pipa, uchachu unazuia uozo, na unabaki na uji mzito wa protini unaokaa muda mrefu bila barafu. Molasi iko Kagera kwenye kiwanda cha sukari, upande wa pili wa ziwa. Wapo wanaofuga funza wa nzi kwa mabaki ya sokoni na kuwalisha kuku. Nao wanahitaji mtu wa kuwaambia ni mabaki yapi yanaruhusiwa. Na kabla ya teknolojia yoyote, vichanja. Dagaa akianikwa juu ya kichanja badala ya mchangani anabaki kuwa chakula cha binadamu. Hakuna uvumbuzi wa bei nafuu kuliko huo, na bado tembea mialo mingi, kule mitumbwi inakoshushia samaki, uone dagaa wako wapi.

Kuhusu mapanki nina msimamo, na najua wenzangu wa vyakula vya mifugo hawataupenda. Kinacholiwa na mtu kibaki kwa mtu. Kiwanda kikubwa cha unga wa samaki kikija kesho kununua mapanki na vichwa vyote kwa mkataba, akina mama wa getini watafukuzwa na uzio mpya, na takwimu zitasema thamani imeongezeka. Itakuwa imeongezeka kweli, ila kwa nani? Mkakati uandike wazi kwamba sisi tunaosaga tunaanzia pale mlaji anapoishia.

Waziri wa Kilimo, tuvuke sasa kwenda pamba. Kanda ya Ziwa ndiyo inayolima karibu pamba yote ya nchi hii, Bodi ya Pamba iko hapa Mwanza, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru kinaitafiti pamba tangu kabla ya uhuru. Nyuzi nyingi zinauzwa nje zikiwa ghafi, wimbo ambao mmeshauimbiwa mno, nisiurudie. Niseme kuhusu mbegu na mabua. Mbegu inakamuliwa mafuta, nchi ambayo bado inaagiza mafuta ya kula kwa wingi, na mashudu yanabaki. Mashudu ya pamba yana protini nzuri, ila yana kemikali ya asili iitwayo gosipoli ambayo ng'ombe mkubwa anaihimili na kuku na samaki haiwafai ikizidi. Inaweza kupunguzwa kwa joto au kufungwa kwa chumvi za madini ya chuma. Kwa hiyo kati ya mashudu ya Magu na Kwimba na vizimba vya Ilemela kuna kazi ya maabara ya kawaida kabisa, yenye majibu yanayojulikana duniani, inayosubiri mtu wa kilimo azungumze na mtu wa uvuvi. Ukiriguru iko Misungwi. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, ina kituo hapahapa Mwanza. Wakiamua, wanakunywa chai pamoja na kila mmoja anawahi kulala kwake.

Mabua ya pamba ndiyo yanayoniuma. Kila mwaka baada ya mavuno mkulima anatakiwa ayang'oe na kuyachoma ili wadudu wasivuke msimu. Sababu ni ya haki, wadudu ni wa kweli. Lakini India wanatengeneza kwa mabua hayohayo mbao za kushindilia, zile za makabati na meza, na mkaa wa kubana. Moto unaoua mdudu shambani ungeweza kumuua jikoni kwa mama lishe. Inahitaji mashine ya kukata mabua inayotembea vijijini katika wiki zilezile za kung'oa, mnunuzi anayejulikana mapema, na tarehe ya mwisho inayosimamiwa kama ilivyo sasa ili mabua yasilale shambani yakisubiri gari lisilofika. Bila hivyo vitatu, heri waendelee kuchoma.

Mtaniuliza kama haya yote si ndoto za watu wa mijini. Basi twendeni Ukara. Kisiwa kile kaskazini mwa Ukerewe ni kidogo na watu wamebanana tangu enzi za mababu, na Wakara hawakuwa na pori la kuhamia. Wakatengeneza kilimo ambacho maofisa wa kikoloni walikwenda kukistaajabia na kukiandika. Ng'ombe analala ndani kwenye shimo, analetewa majani, na samadi haipotei hata kidogo. Shamba la uwele linapandwa mmea wa jamii ya marejea katikati ya mazao, kisha unafukiwa urudishe rutuba. Kingo za ziwa zinalimwa majani ya ng'ombe. Mti una mwenyewe, na majani yake yana mwenyewe. Waliishi hivyo vizazi na vizazi kwenye ardhi ya mchanga ambayo kwingine ingekuwa imeachwa. Sisemi turudi kuishi hivyo; ni kazi ya kuvunja mgongo, na vijana wa Ukara wenyewe wengi wamekimbilia uvuvi na mjini. Ninachosema ni kwamba mtu wa kanda hii akiambiwa masalia yana mwenyewe na yana kazi, hatashangaa. Anayeshangaa ni yule aliyeandika sheria tatu.

Niwaonye pia juu ya jambo litakaloingia kwenye mkakati huo kwa kishindo, maana linapendwa kwenye mawasilisho: magugu maji. Yameingia ziwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, yamefunga mialo, yamekwamisha vivuko, na kila baada ya muda anatokea mtu na mpango wa kuyageuza karatasi, vikapu, mbolea au gesi. Vikapu sawa, mikono inatosha. Lakini gugu hili zaidi ya asilimia 90 ni maji. Ukijaza lori zima umebeba maji ya ziwa na kuyapeleka matembezi. Halafu ukijenga kiwanda cha gharama kinachotegemea magugu, utakuwa na mwekezaji mwenye haja ya kuona magugu hayaishi. Miaka ya 1990 wadudu aina ya fukusi waliletwa kuyala na walisaidia sana. Chanzo chake ni rutuba inayomwagika ziwani kutoka mashambani, mijini na viwandani. Magugu yakitolewa ufukweni yageuzwe mboji palepale, gharama iandikwe kuwa ya usafi wa ziwa, na tusiyahesabu kama utajiri.

Mihogo nitaigusa kwa kupita. Ikichimbwa haikai; ndani ya siku chache imeanza kuharibika, kwa hiyo kiwanda cha wanga kinatakiwa kiwe karibu na shamba. Sasa daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji, na Sengerema na Buchosa hazisubiri tena kivuko. Wanga unahitajika kwenye nguo, gundi, karatasi na vyakula. Anayejua hesabu zake vizuri kuliko mimi awaandikie barua yake.

Nishati vilevile. Kuna Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe. Ninachosikia mitaani ni mitungi ya gesi tu. Shule ya bweni yenye vyoo, mabaki ya jikoni na ng'ombe wa mradi ina gesi yake chini ya miguu. Hale, Tanga, walishaonyesha kwamba masalia ya mkonge yanaweza kutoa umeme. Moshi, kiwanda cha sukari cha TPC kinaendeshwa kwa makapi ya miwa yake. Maganda ya mpunga ya Magu yanachomea matofali. Haya yako Tanzania, yameandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza, na hayahitaji ziara ya mafunzo nje ya nchi.

Kitu kimoja ambacho mkakati usikiguse ni kuongeza mavuno ya sangara. Kuna viwanda vya samaki vilivyofungwa, na vingine havipati mzigo wa kutosha. Furu wa aina nyingi waliokuwa ziwani kabla ya sangara kupandikizwa wametoweka, na hakuna mkakati utakaowarudisha. Ziwa la kilomita za mraba zipatazo 68,800 linaonekana halina mwisho ukiwa umesimama Capri Point, lakini wavuvi wanajua nyavu zinarudi na nini. Tukipata thamani maradufu kwa samaki yuleyule, tumeendelea. Tukiwavua maradufu kwa jina la uchumi mpya, tumefilisika kwa lugha ya kisasa.

Ninaomba, basi, yafuatayo, na nimejitahidi yasiwe makubwa. Wizara zenu zikae zikubaliane kwa maandishi ni sehemu gani ya samaki ni chakula cha binadamu, ipi ni malighafi ya chakula cha mifugo au ya kiwanda, na ipi kweli ni taka. Kila kundi liwe na kibali kimoja kinachotolewa hapahapa Mwanza, na askari wa barabarani apewe nakala. Uvuvi, Kilimo na Viwanda zitenge fungu moja la pamoja kwa DIT Mwanza, TAFIRI, chuo cha uvuvi FETA Nyegezi, Ukiriguru na shirika la viwanda vidogo SIDO, kwa sharti kwamba hakuna taasisi itakayochota peke yake: fedha zitoke kwa kazi iliyofanywa na angalau mbili. Mkuu wa Mkoa, kwako ombi ni dogo zaidi: sakafu, bomba la maji na paa kwa wanaosafisha mapanki, kabla mwekezaji yeyote hajaonyeshwa kiwanja karibu na hapo.

La mwisho ni la Waziri wa Mifugo na Uvuvi. Kila mwaka unaposoma bajeti bungeni kunakuwa na jedwali la mazao ya uvuvi yaliyouzwa nje, tani na fedha. Bajeti ijayo naomba liongezwe jedwali la pili: kila kiwanda cha samaki kilipokea tani ngapi, minofu ilitoka tani ngapi, na zilizobaki zilikwenda wapi, kwa nani, kwa bei gani. Viwanda vinazo namba hizo. Nilikuwa nazijaza mimi mwenyewe kwenye daftari la zamu. Jedwali hilo likitoka, mtu wa benki nitakayemwendea na maombi yangu ya mkopo atakuwa na cha kusoma zaidi ya maneno yangu.

Naomba kuwasilisha.

Mtengenezaji mdogo wa chakula cha samaki na kuku,
Nyakato, Mwanza.